Fundi Difu na Gari la Mayai

Shemeji yangu, mume wa dada, ana tabia moja inayowaudhi wateja wapya. Mtu anakuja gereji na gari lake la kupandia milima, kifua mbele, ameshaangalia video za watu wanaovuka matope mpaka magotini, na anajua anachotaka. "Fundi, nifungie loki, mbele na nyuma." Shemeji anafuta mikono, anazunguka upande wa pili, anafungua mlango wa abiria, anapanda na kujifunga mkanda. "Haya, twende," anasema. "Wapi?" "Huko unakokwendaga."

Njiani kazi yake ni moja. Anatazama mguu wa dereva. Anataka kujua mtu anakanyagaje mafuta, anafanya nini gurudumu likianza kuteleza, ana haraka au ana subira. Mwenyewe anaita kusikiliza mguu. Mkandarasi mmoja wa barabara alimpeleka mpaka machimbo ya mchanga na kumrudisha, halafu akaambiwa kwamba hahitaji loki hata moja. Anahitaji tairi mpya na kuacha kukanyaga mafuta kama anayeua nyoka. Yule bwana alinuna siku kadhaa, kisha akaja kununua tairi. Kwa vile duka la vipuri lililopakana ukuta na gereji ni langu, mimi sikununa.

Kwa asiyejua, difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu mawili chini ya gari. Linagawa nguvu za injini kwa gurudumu la kushoto na la kulia, na kuyaruhusu yazunguke kwa mwendo tofauti kwenye kona, maana la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kifaa cha akili sana, mpaka kifike kwenye matope. Hapo kinafanya kama mama anayempakulia zaidi mtoto anayelia zaidi: gurudumu moja likiteleza, nguvu zote zinakwenda kwa hilo hilo linaloteleza, na lile lenye mahali pa kukanyaga linakaa bure. Loki inayafunga yote mawili yazunguke pamoja. Kuna loki unayoiwasha kwa swichi ukiihitaji, na kuna inayojifunga na kujifungua yenyewe bila kukuuliza. Kumchagulia mtu loki inayomfaa, na ekseli na shafti za kuibeba, ndiyo kazi iliyompa shemeji jina la Fundi Difu. Nadhani hata mama yake ameshasahau lile jingine.

Dada yangu naye ni dereva. Anapanda kigongo cha mlima na pikapu yake, anakusanya mayai kwa wafugaji wa kuku nyumba hadi nyumba, anayashusha mjini kwa wenye maduka na waoka mikate. Njia hiyo aliianzisha mwenyewe. Alianza na banda moja, la mama mmoja tunayemwita Bibi Kuku, na Bibi Kuku akamwambia jirani, jirani akamwambia shemejiye, mpaka kigongo kizima kikawa kinamsubiri dada. Barabara ya huko ni ya udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi, mvua zikinyesha ni sabuni.

Sasa, fundi na dereva ndani ya nyumba moja ni kazi. Walipokuwa wachanga katika ndoa walijaribu kusafiri pamoja, dada kwenye usukani. Shemeji alikanyaga breki isiyokuwepo safari nzima, akavuta pumzi kwa meno kila kona, na kile kishikio cha juu ya mlango alikishika mpaka kikatoka na skrubu zake. Dada alisimamisha gari, akamshusha, akaenda zake. Jioni wakawekeana masharti mbele yangu: yeye hatapanda tena gari la mkewe akiwa abiria, na mkewe hatagusa spana gereji wala kumfundisha kazi. Wakapeana mikono. Nilikuwa nikiwatania kwamba ahadi hiyo wameitunza vizuri kuliko ya harusi, maana ile ya harusi ina siku za kununiana.

Mambo yaliharibika msimu wa mvua wa mwaka jana. Dada alikuwa anateremka kigongo, trei za mayai zimejaa nyuma, shafti ya nyuma ikakatika. Kwenye ekseli aliyokuwa nayo, shafti hiyo hiyo inayozungusha gurudumu ndiyo pia inayolishikilia. Ikikatika upande wa nje, gurudumu linaaga. Dada akisimulia huwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Naona gurudumu linanipita mkono wa kulia. Nikasema, he, hilo nalo linakimbilia wapi peke yake? Ndipo nikagundua ni langu."

Pikapu iliserereka ikaegemea tuta la udongo upande wa kushoto, na dada akatoka hana hata mkwaruzo. Upande wa kulia hakukuwa na tuta. Kulikuwa na bonde. Sisi tulicheka naye siku ile, kwa raha ya kumwona mzima, lakini shemeji hakucheka. Alikwenda kulichukua lile gurudumu huko chini lilikosimama, akalibeba kifuani kulipandisha.

Kesho yake alikuja dukani kwangu. Akaagiza ekseli ya nyuma ya gari kubwa zaidi, ile ambayo gurudumu linashikiliwa na nyumba ya ekseli yenyewe, lile bomba lake la nje, shafti ikiachiwa kazi ya kuzungusha tu. Hapo nilimuunga mkono, ni ekseli ya maana. Kisha akaagiza shafti nene kuliko zote nilizowahi kuuza. Kisha loki zinazojifunga zenyewe, moja ya nyuma na moja ya mbele. Nikamtazama.

"Shemeji, huyu mteja umeshapanda naye?"

Akajitia hamnazo. Akawa anapekua boksi la nati kana kwamba kuna nati iliyompotea humo.

"Nakuuliza wewe. Mguu wake umeusikiliza?"

"Huyu namjua," akasema. "Nalala naye nyumba moja."

Nikamwachia. Kumbishia shemeji yangu akishapandisha mabega ni kujichosha. Alifanya kazi ile mwenyewe, hakumpa mtu kushika hata kitambaa, na alipomaliza chini ya pikapu ile palikuwa na chuma cha kutosha daraja. Cheche, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, aliinama akachungulia, akauliza kama dada anakwenda vitani.

Gari halikuvunjika, hilo nakiri. Lilipanda kila kitu. Lakini dada alirudi safari ya kwanza amekunja uso, ya pili akiwa amekunja zaidi. Akiunganisha gia ya magurudumu manne, usukani ulikuwa mzito kama anasukuma kabati, na gari lilitaka kwenda mbele tu, hata barabara ikipinda. Na kila kona loki ya nyuma ilijifungua na kujifunga kwa kishindo, ka! mpaka kiti kinaruka. Mtu aliyebeba kokoto asingejali. Dada alibeba mayai. Trei za chini zilianza kufika mjini zimelowa. Waoka mikate wakamvumilia, wenye maduka wakaanza kurudisha.

Kisha Bibi Kuku akamwita pembeni. Yule mama anampenda dada kama mwanawe, lakini ana kuku wengi na kila kuku ana tumbo. Akamwambia kuna bwana ana lori jipya, ameshapita kwa wafugaji wote anaomba apewe njia hii, na wengi wameshaanza kumsikiliza. "Mimi nitakusubiri," akamwambia, "ila siwezi kuwazuia wenzangu mvua zikianza na mayai bado yanapasuka."

Dada alikuja gereji moja kwa moja kutoka huko, hata nyumbani hakupita. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha duka langu, na sikuondoka, kwa sababu ni dada yangu na pia kwa sababu nilitaka kusikia.

"Umenitengenezea kifaru," akamwambia mumewe.

"Nimekutengenezea gari lisilovunjika."

"Mayai yanavunjika. Njia yangu inavunjika. Wateja wako wote unapanda nao, unawasikiliza miguu, mpaka wale wasio na adabu. Mimi hukuniuliza hata swali moja. Ulitaka nini?"

"Nilitaka lisivunjike."

"Lipi? Gari?"

Shemeji akakiangusha kitambaa alichokuwa anafutia mikono. "Wewe," akasema. "Kila ukiondoka asubuhi naliona lile gurudumu. Niko chini ya gari la mtu, nafungua nati, naliona. Sikuweza kukaa nikapima na kuchagua kama navyowachagulia watu. Nilichukua kila kilicho kinene nikafunga. Naogopa, basi."

Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Dada naye alikuwa amekuja na maneno mengi, nilimwona anayameza moja moja. Akamkaribia, akamwondolea uchafu uliokuwa umemganda kwenye kope.

"Haya, panda," akasema.

"Tulikubaliana..."

"Panda bwana. Na wewe," akanigeukia mimi, "funga duka, ukakae kiti cha nyuma na trei, maana naona masikio yako yameshapanda."

Tukaenda. Shemeji alikalia mikono yake ili isishike kitu. Mwanzoni mguu wake wa kulia ulikuwa unatafuta breki pale chini, dada akaukoholea, ukatulia. Tulipoingia kwenye udongo nikamwona anainama kidogo, macho yake kwenye kiatu cha dada, na uso wake ukaanza kubadilika. Mimi nimepanda na dada mara nyingi sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu sikuwa najua la kutazama. Dada haongezi mafuta ghafla hata siku moja. Anapita juu ya tuta kama mtu anayepita sebuleni na kuna mtoto amelala. Akiona mahali pabaya, ameshapunguza kabla hujapaona wewe. Na katikati ya ustaarabu wote huo, kila kona, ka! Shemeji alikuwa anashtuka kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Samahani," akasema kwenye kona moja. Kona iliyofuata akasema tena.

Juu kigongoni Bibi Kuku alitoka bandani na ndoo ya pumba, akamkagua shemeji kuanzia viatu. "Ndiye wewe uliyelitengeneza hili?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pole."

Nilicheka kimoyomoyo mpaka machozi. Shemeji aliinamisha kichwa kama aliyerudishiwa daftari na mwalimu, lakini alikuwa anatabasamu, na tulipoanza kuteremka alimuuliza dada lile swali ambalo huwauliza wateja wake wote mwisho wa safari.

"Ungependa livunjike wapi?"

Wengi huruka wakilisikia. Lakini shemeji anasema hivi: gari linalopita njia mbaya lazima siku moja livunjike kitu, na kazi ya fundi ni kuchagua kitakachotangulia. Ukiweka shafti nene kupita kiasi, pigo ambalo lingeikata shafti linakwenda kutafuna gia zilizo ndani ya difu, na hizo hakuna anayezitengenezea barabarani. Kwa hiyo anamuuliza mtu, kisha anaacha sehemu moja ya kawaida kwa makusudi, mahali panapomfaa mwenyewe.

Dada alifikiri mpaka tukapita kona mbili. "Livunjike mahali mkono wangu unapofika."

"Wa kwako wewe?"

"Kwani kule juu nina mkono wa nani mwingine?"

Ile breki yake isiyokuwepo shemeji hakuikanyaga tena mpaka nyumbani.

Akalifumua gari. Ekseli kubwa aliiacha, kwa sababu kwenye ile hata shafti ikikatika gurudumu linabaki mahali pake. Loki zote mbili za kujifunga zenyewe akazitoa, nikazirudisha rafuni, na Cheche akasema amani imerudi. Nyuma akafunga loki ya swichi: dada akifika kwenye utelezi anaibonyeza, akivuka anaizima, na kwenye kona za kawaida gari linakata kama maji. Mbele akapaacha kama palivyotoka kiwandani. "Mguu ule hauhitaji loki mbili," akaniambia, na alivyosema mguu ule ungedhani anamsifu binti wa watu aliyekutana naye jana. Zile shafti nene akazitoa pia, akaweka za kawaida, na za akiba akazifunga vizuri nyuma ya kiti.

Ikabaki dada kufundishwa kuzibadilisha. Hapo sharti la pili nalo likaenda na maji. Kwenye ekseli ile kazi si ya kutisha: unaweka mawe kwenye magurudumu, unafungua nati za kifuniko cha katikati ya gurudumu, unaivuta shafti nje, gari likiwa limesimama kwa miguu yake yote. Kipande kilichokatikia ndani unakivua kwa sumaku yenye mpini mrefu. Kinachotisha ni mwalimu. Shemeji alikuwa anasema, "Fanya mwenyewe," na mkono wake uko tayari kwenye spana. Nilimpiga vibao mkononi kama mtoto anayechungulia sufuria. Dada akifungua nati taratibu, yeye anahema. Dada akikosea kuingiza shafti, yeye anazunguka gereji nzima. Siku moja alitoka nje kabisa, akasimama barabarani ametupa mgongo, na aliporudi dada alikuwa ameshafunga kila kitu na anakula embe.

Mvua zikaja. Siku ya kwanza ya utelezi wenyewe shemeji hakufanya kazi yoyote ya maana, alisafisha spana zilizokuwa safi. Dada alirudi mchana, matope mpaka kwenye vioo, akashusha trei moja moja mbele yetu. Kavu zote. Baada ya safari chache Bibi Kuku akatuma salamu na trei ya mayai, zawadi yetu wenyewe, pamoja na habari kwamba yule bwana wa lori alinasa kwenye mteremko wa kwanza, akavutwa na trekta, na hajasikika tena kuomba njia ya mtu. Sitii chumvi nikisema shemeji aliisimulia habari hiyo kwa kila aliyekuja kuweka upepo.

Ilikuwa alasiri, mvua zimeshakolea, shemeji yuko chini ya gari la mtu na simu yake iko juu ya kaunta yangu. Ikalia. Nikaona ni dada, nikamkimbizia. Aliipokea akiwa bado amelala chali, na kwa vile mikono ilikuwa na mafuta aliiweka sauti ya nje.

"Shafti imekatika," dada akasema.

Sijui alitokaje kule chini. Nilimwona tu amesimama, ametwaa ufunguo wa gari lake ukutani, rangi imemtoka. "Uko wapi? Usisogee. Nakuja."

"Kuja wapi? Nimeshamaliza. Niko njiani nateremka."

"Umemaliza nini?"

"Kubadilisha. Ilikatika pale kwenye mteremko wa Bibi Kuku."

"Gurudumu?"

"Lipo hapa kwangu, halijanipita."

"Kipande cha ndani?"

"Kimetoka na sumaku. Kilisumbua kidogo, kikatoka. Mayai mazima, kama unauliza. Lakini nina neno na fundi."

"Neno gani?"

"Nani alikaza hizi nati namna hii? Ile ya mwisho nimening'inia kwenye spana miguu hewani, Bibi Kuku amenishika kiuno. Ukifunga kitu cha kuja kufunguliwa porini, fikiria na mikono ya anayefungua. Si unajua mikono yangu?"

"Najua," akasema shemeji, sauti ndogo. "Samahani, mke wangu."

"Usirudie." Na simu ikakatwa.

Alisimama pale katikati ya gereji, simu mkono mmoja, ufunguo mkono mwingine, mwenye gari akimtazama kutoka kwenye benchi. Akautundika ufunguo ukutani. Kisha akatoka mpaka mlangoni, na kwa sauti ambayo Cheche aliisikia licha ya kelele za mashine yake ya kuchomelea, akasema, "Mke wangu anasema nakaza nati kupita kiasi!" Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka waziwazi mbele za watu, anayapangusa kwa mikono ile ile ya mafuta mpaka uso wote ukawa mweusi. Mimi nimemtania mtu yule tangu siku aliyokuja kuposa, na nilikuwa na maneno kumi tayari mdomoni. Nikamletea maji na sabuni.